Karanga za Tanuri Namba Nne

Kufikia mahojiano ya tisa, Ambrose Fiala alikuwa ameshakubali kwamba historia ya kampuni ya Pellworth ina mashujaa wengi na mjinga mmoja, na kwamba mjinga huyo ni yeye.

Kazi ya kuyasoma mahojiano hayo aliitafuta mwenyewe. Makumbusho madogo ya pale Mountain View yalikuwa yakiwarekodi wazee wa Pellworth, watu waliotengeneza transista za silikoni wakati bonde lote la Santa Clara lilikuwa bado mashamba ya aprikoti, kabla miti haijang'olewa kupisha maegesho ya magari. Wazee walizungumza, msichana wa ofisini akayaandika maneno yao, kisha akatakiwa mtu anayeijua kazi ile ayapitie kabla hayajachapwa. Ambrose, mgane wa miaka sabini na minne asiye na haraka ya kwenda popote, akanyoosha mkono. Aliwaambia anajitolea kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ukweli ni kwamba alitaka kujua wamesema nini juu yake.

Walikuwa wamesema mengi. Mzee Clayborne, aliyekuwa mhandisi wa vipimo, alikumbuka kwamba Ambrose alikuwa na mfuko mmoja wa karanga za chumvi. Kwa mzee Rasko mifuko ilikuwa mitatu. Ilipofika zamu ya Dewitt Oake, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza transista na hakuwahi kukanyaga chumba cha matanuri ya kuokea silikoni hata siku moja, Ambrose alikuwa na gunia zima chini ya meza, na mikono yake ilinyunyiza chumvi juu ya silikoni kama mtu anayekaanga samaki. Katika mambo mengine yote wazee wale hawakukubaliana. Nani aligundua nini, nani alimwibia nani wazo, nani wa kwanza kuacha kazi akafungue kampuni yake ng'ambo ya barabara, kila mmoja alikuwa na lake. Lakini juu ya karanga za Ambrose waliimba kama kwaya moja.

Kisa kilikuwa hivi. Mwezi Julai mwaka 1965 transista za Pellworth ziliugua. Ukizipima asubuhi zikiwa baridi, nzuri. Ukizipasha moto ukazipima tena, zinakuambia jambo jingine kabisa, kama shahidi aliyehongwa. Wiki sita wahandisi walikuna vichwa, na mteja mkubwa akaanza kuulizia bei za jirani. Ndipo ikajulikana kwamba adui ni chumvi. Chumvi kidogo isiyoonekana kwa jicho, ya jasho la kidole tu, ikiingia kwenye silikoni iliyo motoni, transista imekwisha. Kabla ya hapo hakuna aliyelijua hilo. Watu walivuta viko mle ndani na kukung'utia majivu kwenye masinki.

Uharibifu ulifuatwa nyuma hatua kwa hatua mpaka ukafika tanuri namba nne, ambalo mafundi wake walikuwa wawili, Ambrose Fiala na Zulmira Nunes. Bosi wao, Bwana Ostrander, akawakusanya wafanyakazi wote kantini, akasema aliyefanya aseme, la sivyo mafundi wote wawili wa namba nne wakusanye vitu vyao. Ambrose akasimama. Akasema ni yeye, alikuwa akila karanga kazini. Siku ileile akahamishiwa stoo ya makasha, akakaa huko miaka sita akipiga misumari, na hakuligusa tanuri tena maisha yake yote. Jina la Karanga likamfuata mpaka siku ya kustaafu. Kwenye keki yake ya kuagwa waliliandika kwa krimu.

Ubaya wa kisa hicho, kwa maoni ya Ambrose, ni kwamba hakikuwa cha kweli, na mtu pekee aliye hai aliyelijua hilo alikuwa yeye.

Zulmira, msichana wa ukoo wa Wareno waliotoka visiwa vya Azori, alikuwa na miaka ishirini na minane kiangazi kile. Mumewe Joaquim alikuwa amemwacha mwezi Juni na watoto wawili. Kila asubuhi alifika kazini macho mekundu, na Ambrose, ambaye wakati huo hajaoa na ana huruma nyingi isiyo na pa kwenda, alijifanya haoni. Kisha asubuhi moja aliona kwa macho yake chozi likiteleza shavuni mwa Zulmira na kudondoka juu ya visahani vya silikoni, vile vya kutengenezea transista. Alitazama saa ya ukutani ili kumpa dada wa watu nafasi. Kwa hiyo Bwana Ostrander alipotaja chumvi, Ambrose hakuhitaji kusomeshwa zaidi. Hata mtoto mdogo anajua ladha ya machozi. Alimwona Zulmira kule pembeni mwa kantini, kimya, mikono imeshikana, watoto wawili nyumbani, na kifua chake kikajaa. Ilihitajika sababu nyingine ya chumvi, na ilihitajika papo hapo. Kwa bahati nzuri mfukoni mwa shati lake mlikuwa na karanga. Akazitoa, akaziinua juu ili wote wazione.

Siri hiyo ndiyo iliyomlea miaka sita ya misumari. Kila walipomwita Karanga alitabasamu tabasamu la mtakatifu aliye kwenye dirisha la kanisa. Alimwambia mtu mmoja tu, Marjean, mwanamke aliyekuja kumwoa baadaye. Marjean alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama kidogo, akaenda kuanua nguo. Ambrose aliuchukua ukimya ule kuwa ni heshima.

Sasa Marjean alikuwa amefariki, na Alhamisi ya wiki ile ilikuwa zamu ya Ambrose kurekodiwa. Saa nne asubuhi, mezani, mbele ya kinasa sauti. Wajukuu wa wajukuu wangekuja kuyasoma mahojiano yale, na wangemkuta yeye wapi? Kwenye gunia la Dewitt Oake. Akaamua atasema. Alifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, na alikuwa ameshachagua hata mahali pa kunyamaza ili sauti ikwame kooni.

Lakini alikuwa mtu wa dhamira njema, au angalau mtu aliyependa kuonekana hivyo, na siri ilikuwa nusu ya Zulmira. Hivyo Jumanne akaendesha gari hadi Santa Clara kumwomba ruhusa. Njiani alijiona akishikwa mikono na mama mzee mwenye machozi ya shukrani. Alinunua maua.

Zulmira alimtazama kupitia mlango wa wavu, kisu mkononi, kwa kuwa alikuwa akikata soseji za supu.

"Fiala," alisema. "Umezeeka vibaya."

"Na wewe hujambo, Zulmira."

Alimkaribisha jikoni, akayatia maua kwenye jagi la maji bila kuyasemea neno, akaendelea na soseji zake. Ambrose alianza mbali. Alizungumzia makumbusho, umuhimu wa historia, na namna kumbukumbu za watu zinavyopotoka. Zulmira aliuliza kama kuna mtu amekufa. Hakuna, Ambrose akasema, amekuja kuhusu machozi.

"Machozi gani?"

"Yako. Ya mwaka ule."

Basi akamweleza yote kwa sauti ya chini, kama daktari anayeleta majibu. Macho mekundu, Joaquim, chozi juu ya silikoni, kantini, karanga zilizoinuliwa. Alisema hamlaumu kwa lolote, wala hajawahi kumlaumu hata siku moja. Mahali pa kunyamaza palipofika alinyamaza, na sauti ilikwama vizuri kuliko bafuni.

Zulmira aliweka kisu chini.

"Ngoja kwanza. Unasema nilikuwa namlilia nani?"

"Joaquim."

"Mimi? Nimlilie Joaquim?" Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Fiala wewe, siku aliyoondoka Joaquim nililala kitanda kizima peke yangu. Sijawahi kulala vile tangu nizaliwe."

Ambrose alisema kwamba macho yake yalikuwa mekundu, watu wote waliyaona. Zulmira akamuuliza ulikuwa mwezi gani. Julai. Na Julai katika bonde lile watu walifanya nini? Ambrose alikuwa mtoto wa Wacheki wa Nebraska, lakini alikuwa amekaa pale muda wa kutosha kujua. Walikausha aprikoti.

"Kila alfajiri kabla ya zamu nilikuwa kwa baba, naingiza matrei ya aprikoti kwenye banda la moshi wa salfa," Zulmira alisema. "Ukoo mzima tulikuwa tunachuruzika macho mpaka Agosti. Na shangazi Deolinda naye alikuwa anamlilia Joaquim?"

"Lakini chozi nililiona likidondoka. Juu ya visahani."

"Uliliona, sawa. Na visahani vile vilikwenda wapi baada ya hapo?"

Ambrose alijua vilikokwenda. Alikijua kila kituo cha safari ile kuliko alivyoijua namba yake ya simu. Vilikwenda kuoshwa kwa asidi, mara mbili, kisha vikasuuzwa kwa maji safi yasiyo na kitu. Chozi lile halikuwahi kulifikia tanuri. Bahari yenyewe ingemwagwa pale isingefika.

"Na vikishatoka kuoshwa," Zulmira aliuliza kwa upole ambao Ambrose hakuupenda, "nani alivishika kuviingiza motoni?"

Alikuwa yeye.

"Kibano mkono huu, mkono huu mfukoni, na sikio kwenye redio, kwenye mechi ya besiboli. San Francisco wakipata pointi unaruka. Wakifungwa unatafuna."

Ambrose alijitetea kwamba huenda alionja mojamoja, tena mechi ikinoga tu.

"Mimi ndiye niliyekuwa nafagia maganda yako, Fiala. Wiki mbili nzima tangu neno chumvi lianze kunong'onwa. Nayatia kwenye mfuko wa koti, naenda kuyatupa chooni kabla Ostrander hajapita. Nikikuambia ukale nje unasema ndiyo, Zulmira, huku unatafuna. Siku ile kantini nilikuwa nimekaa pale najiuliza nikutaje au tufukuzwe wote wawili. Nilikuwa na watoto. Nilikuwa nimeshafika kwenye kukutaja." Alichukua kisu, akakirudisha mezani. "Halafu ukasimama ukasema mwenyewe. Nikasema moyoni, basi, kumbe huyu ni mwanamume mkweli. Miaka yote hii wakikucheka nawaambia, mchekeni, lakini alisema ukweli. Sasa unakuja hapa na maua kuniambia ulikuwa unadanganya."

"Nilidhani nadanganya," Ambrose alisema.

"Hata kudanganya hukuweza."

Ilikuwa kweli. Miaka thelathini na sita alikuwa amejitunuku nishani kwa uongo, na uongo wenyewe haukuwepo. Alikuwa ametoa ushahidi mfukoni mwake mwenyewe, akauinua mbele ya watu mia mbili, na akaamini ni mchezo wa kuigiza. Alikumbuka namna Marjean alivyoondoka kwenda kuanua nguo, na kwa mara ya kwanza akafikiri kwamba pengine mkewe, aliyekuwa akifagia maganda ya karanga chini ya kochi lao kila Jumapili, alikwenda kucheka uani.

Zulmira alikuwa ameacha kucheka. Alimuuliza Alhamisi anakusudia kusema nini. Ambrose akakiri kwamba alikusudia kusema habari ya machozi, kwa heshima zote, kwa kumsifu.

"Ungejisifu," Zulmira alisema. "Nimekaa Pellworth miaka ishirini na sita. Wasichana wote wa zamu ya asubuhi nimewafunza mimi. Hao mabwana zako wenye viko walikuwa wanakuja kuniuliza mimi tanuri linataka nini leo. Halafu kwenye kitabu chenu niingie kama mwanamke aliyemwagia silikoni machozi." Alisukuma soseji ndani ya sufuria. "Lakini sitakuja kukupinga. Sikualikwa. Sema unavyotaka."

Alimfungia kipande cha mkate mtamu kwenye karatasi, akamwambia aendeshe polepole.

Jumatano Ambrose alipinga. Moyo wa mtu hauachi nishani ya miaka thelathini na sita kwa neno la jikoni. Kumbukumbu za Zulmira nazo zinaweza kupotoka, alijiambia, si ndiyo maana ya kazi yote hii ya kurekodi watu kumi na wawili? Yeye ni mtu wa vipimo. Basi akafanya kama alivyofundishwa, akapanga jaribio. Alihesabu karanga thelathini zenye maganda, akaandika namba kwenye karatasi pamoja na tarehe, akazitia mfuko wa shati, akafungua redio kusikiliza mechi ya mchana. Nia yake ilikuwa kutokula hata moja.

Mechi ilikuwa ngumu. San Francisco waliongoza, wakapitwa, wakasawazisha. Ilipokwisha Ambrose aliinuka kuzima redio na kitu kikavunjika chini ya kiatu chake. Akatia mkono mfukoni. Zilibaki karanga nne. Zile ishirini na sita hakukumbuka hata moja, si ladha, si sauti, wala vidole kwenda na kurudi. Alisimama katikati ya maganda yake kama mtu aliyejikuta amelala nyumba ya jirani. Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi mwaminifu, akaandika matokeo.

Alhamisi aliyemrekodi alikuwa Khanh Dao, yule msichana wa ofisini, aliyemaliza chuo mwaka uliopita na ambaye aliomba radhi hata kwa milango iliyojifunga kwa upepo. Wiki zote zile alikuwa akimkabidhi Ambrose karatasi za mahojiano bila kumtazama usoni, kwa sababu alijua kilichoandikwa ndani. Alimmiminia maji, akawasha kinasa sauti, akamwomba ataje jina kamili na mahali alipozaliwa. Ambrose akataja. Khanh akapekua orodha yake ya maswali, akafika mahali, akawa mwekundu.

"Bwana Fiala, kile kisa cha mwaka sitini na tano," alisema, "tunaweza kukiruka. Wenzako wameshakisema vya kutosha. Si lazima."

Ambrose hakuwa amelitarajia hilo. Mlango wa tatu, wa kukiruka kisa, ulikuwa umefunguka, na ulikuwa wa haki kabisa. Angeweza kupita pale akiwa na kidogo alichobakiwa nacho. Na ule mlango mwingine, wa machozi, ulikuwa bado wazi pia. Hotuba ilikuwepo tayari kichwani na kituo chake cha kunyamazia, na hakuna mtu duniani ambaye angekuja kuipinga. Aliitazama taa nyekundu ya kinasa sauti. Akilini alimwona Zulmira kantini, mikono imeshikana, akihesabu watoto wake wawili na maganda ya karanga za Ambrose.

"Tusikiruke," alisema. "Wamekisema vibaya. Haikuwa mifuko mitatu, wala gunia. Ulikuwa mfuko mmoja kwa siku, lakini kila siku."

Akaeleza yote. Alieleza karanga, na redio, na kibano. Alieleza uungwana wake mkubwa wa kujitoa kafara kwa kosa lake mwenyewe, na tabasamu lake la mtakatifu, na maua aliyonunua. Machozi hakuyataja kuwa ya nani. Alisema tu kwamba alikuwa amejitungia mtu wa kumwokoa, kwa kuwa mwanamume asiye na mchumba hutunga mambo, kumbe mtu huyo ndiye aliyekuwa akimwokoa yeye kwa ufagio. Alitaja jina la Zulmira Nunes mara moja, kwa ukamilifu, na kusema ndiye aliyekuwa fundi hodari kuliko wote katika chumba kile, na kwamba makumbusho yanayorekodi mla karanga na kumwacha yeye yanahitaji kufanyiwa matengenezo. Mwishowe akasoma matokeo ya jaribio la Jumatano, kama yalivyoandikwa. Zilizoingia mfukoni, thelathini. Zilizobaki, nne. Zilizokumbukwa, hakuna.

Hapo Khanh akacheka. Anayerekodi hutakiwa kunyamaza na kutikisa kichwa tu, ili sauti ya mzee ibaki peke yake, na msichana yule alikuwa amenyamaza kwa bidii ya mtu anayebeba maji kichwani. Lakini kicheko kilimtoka chote kwa mpigo, kikubwa kuliko mwili wake, akajifunika mdomo kwa orodha ya maswali. Aliomba radhi mara tatu. Alisema ameharibu sehemu nzuri kuliko zote, kwamba inawezekana kurudisha nyuma, Bwana Fiala akisema tena kuanzia pale kwenye jaribio yeye hatatoa sauti kabisa.

"Hapana, mwanangu, iache," Ambrose alisema. "Ukinirudisha nitaanza kujipamba. Keshokutwa utanikuta nimebakiwa na karanga ishirini."

Khanh alijifuta macho, akauliza basi waendelee na nini.

Ambrose aligundua kwamba hajui. Kwa miezi kadhaa alikuwa amesoma mahojiano ya watu wengine akijitafuta, na yeye mwenyewe alikuja pale na hotuba moja tu, ambayo sasa haina kazi. Alinyamaza, na safari hii hakupanga. Kisha akauliza kama kuna yeyote kati ya wale kumi na mmoja aliyeeleza jinsi tanuri lilivyokuwa likiwashwa asubuhi. Khanh akasema hakuna. Walizungumzia nani aligundua nini.

"Ilikuwa hivi," alisema, akasogeza kiti. "Unafika saa kumi na mbili, bado kuna giza kidogo. Hulipandishi moto haraka, bomba la kioo litapasuka. Unalipa joto kidogo, unangoja, unaliongezea. Likianza kuwa na rangi ya chungwa, ndipo unaviingiza visahani, polepole, inchi moja kwa dakika, na wala huvipumulii karibu." Mikono yake ilikuwa imeinuka juu ya meza, mmoja umeshika kibano kisichokuwepo. "Mimi nilikuwa mzuri sana kwa kazi ile, unajua. Ukiondoa jambo moja."